Historia ya Buti na Kiatu Rahisi

Kila mwaka, shule zinapojitayarisha kwa mashindano ya michezo ya kuigiza, huzuka swali ambalo halina budi kujibiwa kabla ya mchezo kuanza: wachezaji watavaa nini miguuni? Shati laweza kuazimwa, koti laweza kushonwa, na kofia yaweza kutengenezwa kwa karatasi ngumu. Buti ni shida nyingine. Buti jipya la ngozi ni ghali, na mchezo wenye askari kumi wataka jozi kumi. Kwa sababu hiyo shule nyingine huacha kabisa kuigiza mambo ya historia, zikachagua michezo isiyohitaji maleba makubwa. Hasara yake si ya jukwaa peke yake. Mwanafunzi asiyepata kuigiza historia ya nchi yake kwa sababu shule yake ni maskini amenyimwa zaidi ya jozi ya viatu.

Katika insha hii nataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza ni kwamba buti lenyewe, tangu kale, ni mtoto wa kiatu rahisi. Lilizaliwa kwa kukata, kuongeza na kubadili kiatu kilichokuwapo. La pili ni kwamba mtu aijuaye historia ya miguu ya watu wa Afrika Mashariki atagundua kuwa, mara nyingi, maleba yaliyo rahisi ndiyo yaliyo ya kweli.

Tuanze mbali, katika dola ya Rumi. Askari wa Rumi hakuvaa buti kama tulionalo leo. Alivaa kiatu kilichoitwa caliga, nacho kilikuwa ndugu wa ndara kuliko ndugu wa buti: soli nene iliyopigwa misumari, na juu yake kanda nyingi za ngozi zilizofungwa hadi kifundoni, vidole vikiwa wazi. Kiatu hiki kina kisa chake. Jemadari mmoja, jina lake Germanicus, alipokuwa akiongoza majeshi karibu na mto Rhine, alikuwa na mtoto mdogo aliyezaliwa mwaka 12 baada ya Kristo. Mtoto huyo alivikwa mavazi ya askari, pamoja na viatu vidogo vya kiaskari, akatembezwa kambini. Askari walimpenda wakampa jina la utani, Caligula, yaani kibuti. Jina lake la haki, Gaius, halikumbukwi na wengi; la kibuti ndilo lililodumu. Alitawala dola nzima tangu mwaka 37 hadi alipouawa mwaka 41, na waandishi wa kale wamsimulia kuwa mtawala katili. Basi viatu vya kuigizia ni mambo ya zamani, na nguvu yake ni kubwa kuliko tunavyodhani. Hali kadhalika Wagiriki wa kale, walioanza michezo ya tanzia, waliwavika wachezaji wao buti laini, ambalo katika nyakati za baadaye liliongezewa soli nene ili mchezaji aonekane mrefu mbele ya watu.

Mwalimu Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, tafsiri yake ikatolewa mwaka 1963, shule zetu zilipata njia ya kuigiza habari za Rumi kwa Kiswahili. Wengi hudhani kwamba mchezo huo wataka mabuti ya fahari. Sivyo. Wataka akala. Chukua akala za matairi, toboa matundu pembeni mwa soli, pitisha kanda ndefu za kitambaa kigumu au za ngozi kuukuu, uzizungushe hadi juu ya kifundo: hapo umepata kiatu kilicho karibu na caliga kuliko buti lolote la dukani. Shule iliyonunua mabuti yaliyofunika vidole kwa ajili ya askari wa Kaizari imetumia fedha nyingi ili ikosee.

Mfano wa pili ni buti la mpira, ambalo watu wetu huliita gambuti. Mapema katika karne ya 19 mtukufu mmoja wa Kiingereza, jemadari Wellington, alimwagiza fundi wake wa viatu abadili mtindo wa buti la wapanda farasi wa siku zile, apunguze mapambo na kulifanya lifae vitani na nyumbani pia. Lilikuwa buti la ngozi, na wakubwa wakalipenda. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua namna ya kuupika mpira pamoja na kiberiti ili usiyeyuke kwa joto wala kukauka kwa baridi. Mwaka 1853 mwenzake, Hiram Hutchinson, akaanza kutengeneza viatu vya mpira huko Ufaransa, na wakulima waliokuwa wakilima peku au kwa viatu vya mti wakapata kitu cha kuzuia maji. Hivyo kiatu cha jemadari kilishuka hadi zizini. Leo hapa Uasin Gishu tunamwona nacho mkamuaji wa ng'ombe alfajiri, amesimama katika matope. Na mwanafunzi akilipaka rangi gambuti hilo na kulivaa jukwaani, kiatu cha mkamuaji hupanda tena kikawa cha jemadari. Kimerudi kilikotoka.

Sasa turudi nyumbani. Mwezi wa Oktoba mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini, waliokuwa wamefika Mombasa kwa meli, walipanda nyanda hizi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Mji uliochipuka penye shamba namba 64 uliitwa kwa namba hiyo, na wenyeji wakalitamka jina hilo Sisibo. Mwaka 1912 ukapewa jina la Eldoret, mwaka 1924 ukafikiwa na reli, na mwaka 2024 ukatangazwa kuwa jiji. Kiatu maarufu cha wakulima wa Kikaburu kiliitwa velskoen. Kilikuwa kifupi, cha ngozi isiyong'arishwa, chepesi, kilichoshonwa kwa njia rahisi, na asili yake ilitokana na viatu vya Wakhoikhoi, wenyeji wa kusini mwa Afrika. Tazama basi: hata mlowezi aliyekuja kutwaa ardhi alikuja amevaa kiatu alichojifunza kwa Mwafrika.

Lakini ardhi hii ilikuwa na wenyewe kabla ya mwaka huo. Wanandi walipigana na Waingereza kwa miaka mingi, na vita vyao vilivunjwa nguvu tarehe 19 Oktoba 1905, kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipopigwa risasi na afisa Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Kisa hiki ni mchezo wa kuigiza uliokamilika wenyewe. Mwalimu aliye maskini huogopa kukigusa, akisema, "Nitapata wapi mabuti ya jeshi zima?" Jibu li katika historia. Meinertzhagen alikuwa afisa wa jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902 na lililojulikana kwa ufupi kama KAR. Maafisa wake Wazungu walivaa mabuti. Askari wake Waafrika, aghalabu, walikwenda peku, wamezungushiwa mikanda ya kitambaa kuanzia kifundoni hadi chini ya goti. Upande wa Koitalel, mguu mtupu na kiatu cha ngozi ya ng'ombe ndivyo vilivyofaa. Basi mchezo mzima wahitaji jozi moja tu ya mabuti! Na jozi hiyo moja, ikitembea jukwaani katikati ya miguu mitupu, yasema maneno ambayo hotuba ndefu isingeweza kuyasema. Mtazamaji ataona nani alikuwa bwana, na nani alitumwa kumpiga ndugu yake hali naye hana kiatu.

Mambo yalikuwa vivyo hivyo katika Vita Kuu vya Kwanza, vilivyoanza mwaka 1914. Zaidi ya askari, Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu ya Waafrika kuwa wapagazi, hasa katika mwaka 1917. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, nasi twalikumbuka jina hilo katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walichukua risasi na chakula vichwani, wakapita misitu na mabonde, wengi wao bila kiatu cho chote. Funza waliwala vidole, na maradhi ya tumbo na ya kifua yakawaua. Waliohesabiwa kufa kwa upande wa Waingereza walizidi 40,000, na wataalamu wa historia wafikiri kuwa huenda walifika 100,000. Upande wa pili, manowari za Waingereza zilipokuwa zimefunga bahari, majeshi ya Kijerumani ya Lettow-Vorbeck yalilazimika kujitengenezea viatu kwa ngozi za nchi hadi vita vilipokwisha Novemba 1918. Njaa ya viatu haikuchagua rangi.

Katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi yako masanamu ya shaba yaliyosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi wa vita hivyo. Mwanafunzi atakayepita hapo asiishie kutazama nyuso na bunduki. Aiinamie miguu. Mchezo unaomvika mpagazi wa mwaka 1917 kiatu, hata kiatu kibovu, unampunguzia taabu aliyoivumilia, na kuipunguza taabu ya mtu aliyekufa ni namna moja ya kumdhulumu.

Je, wale waliokosa mabuti walikaa kimya? Hapana. Katika miji ya pwani, Lamu na Mombasa, tangu miaka ya 1890, ilizuka ngoma iliyoitwa beni. Vijana walijiunga katika vyama, wakapiga tarumbeta na matari, wakaandamana kwa mistari kama askari, wakapeana vyeo vya wafalme na majemadari, na kila chama kikashindana na chenzake kwa uzuri wa mavazi. Wakati wa vita ngoma hiyo ilisafiri pamoja na askari na wapagazi, ikaenea bara. Wazungu wengine waliicheka wakaiita uigaji, na wengine waliiogopa wakidhani ni siasa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu alichokitoa mwaka 1975, alionyesha kuwa haikuwa uigaji mtupu. Watu walilichukua vazi la mtawala wakalitia katika fahari yao wenyewe, katika mashindano ya mitaa yao na kusaidiana kwao. Pale mavazi ya kijeshi yalikuwa maleba, na aliyeyavaa alijua kuwa ni maleba. Lakini kwa muda wa ngoma alisimama sawa na yule aliyemwamuru asubuhi.

Katika Vita Kuu vya Pili mambo yalibadilika. Waafrika wa Kenya wapatao karibu laki moja waliingia jeshini. Walipigana Uhabeshi na Burma, na safari hii askari wengi walipewa mabuti. Katika miaka hiyo hiyo kampuni ya Bata, iliyoanzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín huko Ulaya, ilikita mizizi Limuru, na viatu vya bei ya chini vikaanza kuenea madukani. Hata hivyo, kwa watoto wengi wa shule na kwa vibarua wa mashamba, kiatu cha dukani kilibaki kuwa ndoto. Kilichowaokoa ni tairi. Tairi la hewa lililofaulu kuenea lilianza kwa John Boyd Dunlop mwaka 1888. Magari yalipoenea katika nchi zetu, matairi yaliyochakaa yalitupwa, na fundi wa Kiafrika akayaokota. Alikata soli kwa kisu kikali, akatoa kanda katika sehemu laini za ndani, akazipigilia misumari midogo. Hicho ndicho kiatu tukiitacho akala, na ambacho Watanzania wengine hukiita katambuga. Kwa watu wa Eldoret, waishio kando ya barabara kuu iendayo Uganda, tairi kuukuu halikuwa haba.

Ufundi huo ulidharauliwa kwa muda mrefu. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walitoa taarifa yao juu ya Kenya, wakaeleza kuwa kazi za mafundi wadogo si uzururaji bali ni sehemu ya uchumi wa nchi. Mafundi wenyewe, wafanyao kazi bila paa, wakajulikana kwa jina la jua kali. Mchezaji anayemwendea fundi wa jua kali ili apate buti la jukwaani anaendeleza ukoo wa kazi ulio mrefu kuliko umri wa shule yake.

Na Limuru hiyo hiyo ya kiwanda cha viatu ndiyo iliyotupa somo kubwa la jukwaa. Katika kijiji cha Kamirithu wakulima na wafanyakazi, miongoni mwao wale wa kiwanda cha Bata, walijenga ukumbi wao wa wazi kwa mikono yao, na mwaka 1977 wakaigiza mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, Ngaahika Ndeenda. Hawakungoja tajiri wa kuwanunulia maleba wala jumba la kifahari. Maelfu walikuja kutazama. Kibali kiliondolewa baada ya majuma machache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka ule, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kama jukwaa la watu maskini lingekuwa jambo dogo, nani angejisumbua kulibomoa?

Baada ya historia, yafaa nieleze kazi yenyewe, maana ujuzi usiofika mikononi ni nusu ya ujuzi. Tuseme mchezo wataka buti refu la afisa. Tafuta kwanza kiatu cheusi cha shule au raba kuukuu, hata ya mitumba, mradi imkae mchezaji vizuri. Usiikate. Lile shina la buti, sehemu ipandayo mguuni, litengeneze peke yake. Pima mzunguko wa mguu mahali patatu: kifundoni, penye unene wa shavu la mguu, na chini ya goti. Pima tena urefu kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Chora vipimo hivyo juu ya karatasi ya mfuko wa saruji, uongeze upana wa vidole viwili kwa ajili ya mshono, ukate. Karatasi hiyo ndiyo kielelezo chako. Ijaribu mguuni kabla ya kugusa kitambaa, kwa kuwa karatasi ikikosewa hutupwa bila majuto.

Kitambaa kifaacho ni rekisini nyeusi kama ile ifunikayo viti vya magari. Mafundi wa viti huwa na mabaki yake, nayo hupatikana kwa bei ndogo. Kishone kwa sindano nene na uzi wa nailoni, ukitoboa kwanza kwa msharasi ili sindano isivunjike. Ndani tia kipande cha boksi au turubai mgongoni na mbele, ili shina lisimame wala lisijikunje kifundoni kama soksi. Upande wa chini ulifunike vema bapa la kiatu hadi kamba zisionekane, kisha shona utepe wa mpira upitao chini ya unyayo, mbele ya kisigino, ili shina lisipande mchezaji anapotembea. Mwisho paka rangi ya viatu juu ya kiatu na shina pamoja, ili vionekane kitu kimoja. Siku ya pili ya mashindano shina hufunguliwa, na kiatu hurudi darasani kikiwa salama.

Ukitumia gambuti, lioshe kwa sabuni, likwaruze kidogo kwa msasa, ulipake rangi nyembamba mara mbili au tatu. Rangi nzito hupasuka mpira unapokunjwa. Ukitengeneza akala, jihadhari na matairi yenye nyuzi za chuma, kwa maana nyuzi hizo huchoma mikono na unyayo. Chagua yale yenye nyuzi za nailoni. Gundi kali itumike mahali penye hewa. Na kisu kikate kwenda mbali na mkono ulioshika.

Kwa askari wa KAR wa zamani, kazi ni nyepesi zaidi: kanda za kitambaa cha khaki au buluu iliyokoza, upana wa kiganja, zizungushwe kutoka kifundoni hadi chini ya goti, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule wa chini. Mguu ubaki mtupu. Hapo gharama ni ndogo sana, na ukweli ni mwingi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba mwenye kushinda ni mwenye sauti na maneno. Ni kweli kwamba buti halimfundishi mtu kuigiza. Lakini wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Mtazamaji aonapo afisa akipanda jukwaani kwa kishindo, na nyuma yake wapagazi wasio na viatu, huelewa kwa macho kabla hajaelewa kwa masikio. Mwanafunzi aliyelishona buti hilo mwenyewe ameelewa kabla yake. Amepima mguu wa mwenzake. Amejiuliza ni nani alivaa kiatu mwaka 1905 na ni nani hakuvaa, na kwa nini. Swali hilo halimo katika kiatu kilichonunuliwa kikiwa tayari dukani.

Kwa hiyo shule isiyo na fedha isijione duni. Kabla ya kuhesabu shilingi, ihesabu maarifa iliyo nayo. Isome kwanza habari za watu inaotaka kuwaigiza, ijue walikwenda vipi, juu ya mawe gani, wakiwa na nini miguuni. Ikishajua hayo, huenda ikakuta kuwa haihitaji mabuti kumi bali moja, na kwamba hilo moja limo tayari katika gambuti lililoegemea ukuta wa zizi, likingoja fundi mwenye macho ya kuliona.